Mwimbaji Twamjua, Mtunzi Je?

Ukiwa Ndau, kile kisiwa cha Wabajuni huko Lamu, ukasikia kaseti kuukuu ya Juma Bhalo, huna haja ya kuuliza ni nani aimbaye. Sauti yajitambulisha yenyewe. Lakini je, maneno ni ya nani?

Mengi yalitungwa na jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1936. Kwa kuwa wote wawili ni akina Bhalo, wasikilizaji huwachanganya, na sifa zote zikamwendea mwenye sauti, aliyefariki mwaka 2014. Bahati njema, diwani ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka 1971. Jina lake lina pa kukaa.

Watunzi wangapi hawakupata kitabu? Kazi yao imo katika utepe tu, nao utepe hukatika na kushika ukungu. Ukikatika, mtunzi amekwenda nao.

Basi, usiitupe kaseti ya marehemu babu. Chukua daftari, uandike ubeti baada ya ubeti. Neno likikupotea, tazama vina: mwisho wa mshororo wa juu utakuongoza kulipata la chini. Kisha waendee wazee, uwaulize wimbo ni wa nani, na jina hilo uliandike juu kabisa, kabla ya la mwimbaji.