Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii Juu ya Lushoto

Mheshimiwa Waziri,

Naomba idhini nikuandikie hadharani juu ya Lushoto, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Usambara Magharibi, ambao joto la pwani linapozidi huwavuta watu wa Tanga na Dar es Salaam waende kuvaa sweta, kujifunika mablanketi mawili na kunywa chai mbele ya moto. Mimi ni mmoja wa watu hao, wala sioni haja ya kuificha furaha niipatayo gari linapoiacha Mombo, mashamba ya mkonge yakabaki chini, na barabara ikaanza kujizungusha mlimani kwa kilomita 33 hivi, upande mmoja jabali lililochongwa na upande wa pili bonde ambalo abiria mwenye busara haliangalii. Hata Soni inapofika, pale maji yanapoporomoka kando ya njia, hewa imekwisha kubadilika na wauza plamu wamekwisha kuyazunguka madirisha.

Kinachonishughulisha ni masimulizi anayopewa mgeni akisha kufika. Safari hii tulimchukua kijana mmoja atuongoze, mtu wa adabu na mwenye ulimi mwepesi, naye akatueleza ya kwamba Wadachi walikuja, wakaipenda baridi iliyofanana na ya kwao, wakajenga, wakauita mji Wilhelmsthal kwa heshima ya Kaisari wao. Kisha mwaka 1916 wakaja Waingereza, na Gavana wao naye akawa na nyumba ya mapumziko huku. Kisha nao wakaondoka. Akatuonyesha dohani zilizochomoza juu ya mapaa, kitu adimu kwa macho ya mtu wa pwani, na meko ya ukutani ambayo mzee mmoja alikuwa akiyajaza kuni kwa ajili yetu, akizipanga moja moja, nyembamba chini na nene juu, bila kutazama. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini katika masimulizi yale ya saa nzima Mshambaa, mwenyeji wa milima hii, hakutokea ila akiwa amebeba mzigo wa mtu. Simlaumu kijana; alisema aliyofundishwa, na kijitabu alichokishika hakikuwa na zaidi ya hayo.

Ilhali yako mengi ya kusema. Kabla Mdachi hajaijua njia ya kupandia, nchi hii ilikuwa na mji wake mkuu, Vuga, usio mbali na Soni, ulikokaa Simba Mwene, mfalme wa Wakilindi, ukoo ambao asili yake hurejeshwa kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Mmisionari Krapf alipopanda mwaka 1848 alikwenda kuomba ruhusa kwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye amri yake ilikuwa ikisikika mpaka karibu na bahari. Kimweri alipofariki mwaka 1862 nchi iliingia katika fitina na vita, na Semboja akajiimarisha Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara, ambako pembe za ndovu zilipita na wanadamu waliuzwa. Siombi basi wafalme wetu wapakwe manukato. Habari hizo, nzuri na mbaya, ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa barazani pa wakubwa hao na kuyajua mambo yao kwa karibu, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Nchi nyingi zingejivuna kwa kitabu cha namna hiyo. Nasi mgeni wetu hukaa Lushoto, akala, akalala, akaondoka, pasipo mtu kumtajia hata jina la kitabu hicho.

Na hao waliobeba mizigo, waliibeba kwa hiari? Mwaka 1907 utawala wa Kidachi katika wilaya ya Wilhelmsthal ulianzisha utaratibu wa kadi, ambao kwa huo kila mwanamume mwenyeji alipewa kadi na kushurutishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa, na asiyeijaza alikuwa katika hatari ya kukamatwa akafanyishwe kazi za serikali. Hesabu yake si ngumu: siku 30 mara tatu ni siku 90, robo ya mwaka, ambazo shamba la mtu mwenyewe lilimngoja, na mvua haimngoji mtu amalize kadi yake. Walowezi waliokuja kutafuta nchi yenye hali ya hewa ya Ulaya hawakuja na mikono ya Ulaya, na reli iliyotoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905 iliwasogeza wao na mazao yao tu, si majembe yao. Mtu akiisha kulijua jambo hili, hazitazami tena dohani zile kwa jicho lile lile.

Waingereza nao waliacha lao. Kuanzia mwaka 1946, katika bonde la Mlalo kwanza, wakulima waliamriwa kuinua matuta katika mashamba ya mteremkoni ili udongo usichukuliwe na maji. Insafu yataka nikiri ya kwamba hofu ya serikali haikuwa ya bure, kwa kuwa udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli. Lakini kazi yenyewe, iliyowaelemea zaidi wanawake, ilikuwa ya kuvunja mgongo, ilikula nafasi ya mazao, na nyuma yake palikuwa na tishio la baraza na faini. Watu walikataa, wakanung'unika, wakakusanyika, na ghadhabu ile ikawa miongoni mwa mambo yaliyokipatia TANU, chama kilichodai uhuru, wafuasi milimani katika miaka ya 1950. Je, si ajabu kwamba mkoba wa kumbukumbu wa mji huu una nafasi ya mapumziko ya Gavana, na hauna nafasi ya mama aliyekataa tuta?

Nitalitaja na lile ua la zambarau, kwa kuwa kila mgeni huelezwa habari zake: mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota katika Usambara akalipeleka kwao, likaitwa Saintpaulia kwa jina lake, na leo limo katika vyungu vya madirisha ya Ulaya yote. Hata ua, Mheshimiwa, limeandikishwa kwa jina la mkuu wa wilaya!

Ombi langu halina gharama ya kutisha. Nyumba za kale zihifadhiwe, dohani na zote, wala zisibomolewe kwa hasira wala kwa tamaa ya viwanja. Lakini pale Irente, mgeni asimamapo juu ya jabali akaona Mazinde na nyika chini yake, pawekwe bango la kumweleza ni nani alikaa kule chini na ni nini kilichopita njia ile; penye majengo ya zamani ya serikali pawekwe la kadi ya 1907; Mlalo pawekwe la matuta. Yote yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na lugha za wageni zifuate. Karatasi za utawala wa Kidachi zimo katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam, nazo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Wapatikane wajuzi wa hati ya kale ya Kidachi watufasirie zinazohusu Wilhelmsthal, na nakala wapewe vijana wanaowaongoza wageni, kwa maana hao ndio walimu wa kwanza na pengine wa mwisho ambao mgeni atawasikiliza.

Ziko nyumba Vuga na Mlalo ambamo bado wamo wazee waliofuatana na mama zao shambani katika miaka ya matuta, nao hawazidi kuwa wengi. Naomba hao waendewe na kuulizwa kwanza, majina yao na maneno yao yaandikwe kwa ridhaa yao, kabla fundi wa mabango hajaitwa.

Wassalaam.

Msafiri wa Tanga