WALINZI WA KOME WANATAKIWA

Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba aina 8 za kome wa mitoni zimetoweka. Kome huchuja maji yakasafika; na wachanga wake hushikamana kwanza na samaki ndipo wakue. Bwawa likimzuia samaki kupita, kome hukosa kizazi. Ndiyo maana huko wako wataalamu wapigao mbizi kuwahesabu, na wengine huwalea vituoni kisha wakawarudisha mtoni. Sisi twasema: hiyo ni kazi ya heshima, tena yastahili mshahara wa kudumu. Ziwa Tanganyika nalo lina kome wake. Yatupasa kuwasomesha vijana wetu elimu hiyo mapema, kwani kiumbe akishatoweka, majuto ni mjukuu.