Mugongo Unauma, Miguu Inalegea



Mwezi huu tuongee juu ya mugongo. Mtu analia mugongo miezi na miezi, kisha miguu inalegea, na jamaa wanasema: « Balimuloga. » Njo wanaanza kumutazama kambo mzee kwa macho mabaya.

Ndani ya mifupa ya mugongo munapita kamba laini inayotoka katika ubongo na kupeleka amri kwa miguu. Kitu kikiibana, miguu inakufa ganzi, hata mukojo unakataa kutoka. Inaweza kuwa kansa iliyotoka katika ziwa. Inaweza kuwa TB.

Ndiyo, TB! Haikai katika mapafu tu. Percivall Pott, munganga wa London, aliandika juu ya kibyongo hiki mwaka 1779, na wanganga wangali wanauita ugonjwa wa Pott. Udanganyifu wake ni huu: mara nyingi mgonjwa hakohoi. Wanapima makohozi, hawaoni kitu, anarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Kwa hiyo mwelezeni munganga yote. Maumivu yalianza lini? Kuna homa ya jioni, jasho la usiku? Nguo zimekuwa kubwa? Nani nyumbani alipata TB? Ninyi wachimbaji, semeni pia kazi yenu, maana vumbi la mawe linaharibu mapafu na kuifungulia TB mulango. Kisha aguse mugongo kwa kidole, mfupa kwa mfupa, atafute uliotokeza. Kwa radio, TB mara nyingi inaonekana imekula mifupa miwili inayopakana. Lakini radio ya mwanzo inaweza kuonekana nzuri. Maumivu yakiendelea, mrudi, hata ikibidi kufika Lubumbashi kwa skana. Miguu ikianza kulegea, mwende siku ileile.

Wahubiri wengine wanaona pepo katika kila kibyongo. Luka 13 inaeleza mwanamke aliyeinama miaka 18. Yesu alimponya, lakini hakutafuta jirani wa kushitaki. Ombeni, na mpande gari.

Dawa za TB ni bure. Kwa mifupa ni miezi 9 mpaka 12, na maumivu yanaisha mbele ya ugonjwa. Vijana wengi wanaacha dawa hapo. Waliowahi mapema, wengi wanatembea tena. Waliokawia, wengine wanabaki na fimbo, wengine katika kiti.