Somo la kwanza la filamu si kamera

KIJANA anayetaka kutengeneza filamu jijini Dar es Salaam leo hana tena shida kubwa ya vifaa. Kamera hukodishwa kwa siku, uhariri hufanyika kwenye kompyuta ya nyumbani, na mbinu za kupanga taa hufundishwa bure kwenye intaneti. Kinachoendelea kuikwamisha tasnia hii ni kazi ambayo mtazamaji haioni kabisa, yaani usimamizi.

Kazi hiyo huanzia kwenye muswada. Kabla kamera haijawashwa, meneja wa uzalishaji huusoma ukurasa kwa ukurasa na kuorodhesha wahusika, mavazi, magari, mahali, mchana au usiku. Uchambuzi huo ndio unaozaa ratiba, na ratiba ndiyo inayozaa bajeti. Matukio yote ya nyumba moja hupigwa kwa pamoja, hata kama katika hadithi yametenganishwa na miaka kumi, kwa kuwa kila kuhama hula muda, na muda maana yake ni posho, chakula na mafuta. Jioni hutolewa karatasi inayomweleza kila mtu kesho afike wapi na saa ngapi. Asiyejua haya huishiwa fedha katikati ya kazi, kisha hulazimika kuifupisha hadithi ili ilingane na mfuko.

Uzito wa somo hili, hata hivyo, uko kwenye mikataba.

Baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 kufungua njia, soko la Bongo Movie lilikua kwa kasi kupitia VCD na DVD. Filamu nyingi zilipigwa kwa wiki moja au mbili, na watayarishaji wengi waliuza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Waigizaji wengi walilipwa mkononi, bila maandishi. Umati uliofurika kumzika Steven Kanumba mwezi Aprili 2012 ulithibitisha kwamba hadhira ilikuwapo, tena kubwa. Mapato ya hadhira hiyo yaliishia wapi ni swali jingine.

DVD zilipokufa na watazamaji kuhamia mtandaoni, wanunuzi wakubwa walianza kudai nyaraka kwanza: mkataba wa mwandishi, wa kila mwigizaji, ruhusa ya kila wimbo. Wimbo mmoja uliochomekwa bila idhini hutosha kuizuia filamu nzima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, lakini haimrudishii alichokwisha kukiuza kwa saini yake.

Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, imeonyesha kuwa kazi ya Kiswahili inaweza kufika mbali. Safari ya namna hiyo hudai karatasi zilizokamilika. Ajabu ni kwamba warsha fupi za filamu bado hujaza vijana kwa kutangaza uongozaji na uigizaji. Darasa la bajeti na mikataba huonekana la wahasibu.

Wakati huohuo, filamu nyingi za enzi ya DVD zinatazamwa YouTube. Mwigizaji wa zamani huiona sura yake kwenye simu ya jirani, matangazo yakipita, naye hana hata karatasi moja ya kumwezesha kudai chochote.