Mtutu mpya, bastola ile ile: fundi chuma wa mpakani ajihadhari

Katika nchi kama Marekani, mwenye bastola akitaka irushe risasi yenye nguvu zaidi hununua mtutu mwingine wa kiwandani, na jambo limekwisha. Kati ya Tororo na Busia habari hiyo ina sura nyingine kabisa. Inawahusu pia wakimbizi, hasa vijana waliojifunza kuchomelea na sasa wanatafuta kibarua kwenye karakana za Malaba, Busia au vituo vya biashara kama Paya.

Tuanze na Kampala. Afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi aliuawa kwa risasi Machi 2017, na mbunge Ibrahim Abiriga akauawa Juni 2018. Baada ya hapo Rais Museveni aliagiza bunduki zote zichukuliwe "alama za vidole". Bunduki hupigwa risasi ya majaribio, kisha risasi na ganda lake huwekwa kama kielelezo. Mifereji iliyo ndani ya mtutu huikwaruza risasi kwa namna yake, na pini hugonga ganda kwa namna yake.

Ukibadilisha kaliba, kwa kawaida umebadilisha mtutu. Kumbukumbu zinasema bastola ya milimita 9, lakini iliyo mkononi inatema kitu kingine, na risasi iliyookotwa mahali pa tukio hailingani na kielelezo chochote. (Ganda bado linaweza kusema, kwa hiyo anayedhani amefuta kila kitu anajidanganya.) Kenya nako, Desemba 2018, serikali iliamuru raia wote wenye vibali vya silaha wahakikiwe upya. Kibali ni cha silaha iliyoandikwa, si cha ile utakayoitengeneza baadaye.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inataja mtutu kwa jina kuwa ni sehemu ya silaha. Itifaki ya Nairobi, ambayo Kenya na Uganda zilitia saini tarehe 21 Aprili 2004, inazitaka nchi ziadhibu utengenezaji haramu na ufutaji wa namba. Kwa hiyo anayekuletea bomba dogo na kusema "ni kipande tu, nitobolee" hakuleti kipande tu.

Ufundi huu si mgeni Uganda. Wakaramojong walikuwa wakiunda bunduki kwa mabomba ya chuma kabla ya 1979, mwaka ambao ghala la kambi ya Moroto liliachwa wazi Amin alipoanguka. Zile bunduki za mabomba zilijulikana pia kwa kumlipukia mwenyewe. Bastola iliyolazimishwa kubeba risasi kubwa kuliko uwezo wake ni vivyo hivyo: mgandamizo unazidi chuma, na vinavyokwenda kwanza ni vidole na macho.

Mwenyeji akikamatwa, ndugu zake watamtafutia wakili. Mkimbizi ana mzigo wa pili. Mkataba wa 1951 unamtaka afuate sheria za nchi iliyompokea, na kifungu cha 33 kinasema aliyehukumiwa kwa kosa zito sana, na akawa hatari kwa jamii, hawezi kudai kinga ya kutorudishwa alikotoka. Kosa la silaha linaweza kutajwa chini ya kifungu hicho. Nje ya mahakama kuna minong'ono: silaha moja ikikutwa kwa Mkongomani au Msudani Kusini mmoja, kambi nzima huitwa ya waasi.

Fundi akiletewa kazi ya namna hiyo asiipokee, wala asikubali kuwekewa mzigo huo "mpaka kesho", kwa sababu kukutwa nao kunatosha kukushtaki. Upande wa Uganda, mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi ndipo pa kupeleka taarifa. Ndani ya makazi kuna viongozi wa RWC na ofisi ya OPM. Upande wa Kenya ni chifu au polisi. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na kiongozi wa jamii yako, na nenda siku ile ile.