Safari ya Mombasa: Twende Sote au Tusiende

Naomba niseme neno juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini tangu shule ilipofunguliwa. Jambo lenyewe ni safari ya darasa kwenda nje ya nchi kuona bustani ya burudani, yaani mahali penye mabembea makubwa, magurudumu ya kupanda hewani na mifereji mirefu ya kuteleza na maji. Wako wasemao kuwa safari hiyo ni ndoto ya watoto wa matajiri, na wako wasemao kuwa ni jambo jepesi, kila mtu alete fedha tu. Mimi naona pande zote mbili zimekosea.

Kwanza nieleze yaliyonipata. Mwaka jana, tulipokuwa Kidato cha Tatu, tulipanga safari ya Dar es Salaam ili tukaione bustani ya maji ya Kunduchi. Kamati ilikuwa ya wanafunzi wenyewe, basi simlaumu mwalimu yeyote. Tulitangaza mchango zikiwa zimebaki wiki tatu tu. Tulikuwa 41 darasani. Waliolipa walikuwa 23, nasi 18 tukabaki. Tena kila Ijumaa mmoja wa kamati alisimama mbele ya darasa akasoma majina ya waliokwisha kulipa. Hakuwataja wasiolipa, lakini ilikuwa kama kuwataja.

Nilimwandikia mama barua. Akajibu kwamba alizeti bado iko shambani, na kuku waliobaki ni wa mbegu, lakini nikitaka atawauza. Nikamwambia asiuze. Siku basi lilipoondoka alfajiri tulisimama bwenini tukisikia wenzetu wakiimba mpaka sauti ikapotelea barabara ya Dodoma. Waliporudi, rafiki yangu tunayelala naye kitanda cha juu na chini hakunisimulia lolote. Alikuwa na picha, lakini akazificha chini ya godoro ili nisizione. Najua alifanya hivyo kwa wema. Lakini tangu siku ile pakawa na neno kati yetu ambalo hatulisemi. Safari iliyokusudiwa kutuunganisha ikatugawa makundi mawili, wa basi na wa bwenini.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: safari ya nje yawezekana hata kwa shule kama yetu, lakini hesabu yake ianze na mfuko wa yule aliye na kidogo kuliko wote, isianze na tamaa ya yule aliye na kingi. Sisi wa Kidato cha Nne hatutakwenda. Wakati wetu umekwisha, na mtihani wa Novemba unatungoja. Nawaandikia hasa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, ambao bado wana nafasi ya kupanga vizuri.

Watu wakisikia bustani ya burudani hufikiri mara moja Disneyland ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1955 huko California. Huko tuache. Nje ya nchi si lazima iwe ng'ambo ya bahari. Chukueni ramani mpime. Kutoka Singida kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Dodoma ni kama kilometa 700. Kutoka Singida kwenda Mombasa kwa kupitia Babati, Arusha, Moshi, Holili, Taveta na Voi ni kama kilometa 700 vilevile, na barabara ni ya lami. Huko Mombasa, mtaa wa Nyali, iko bustani ya maji iitwayo Wild Waters. Kumbe aliyekwenda Kunduchi amekwisha kusafiri mwendo wa kumfikisha Mombasa!

Basi kinachofanya safari ya nje iwe ghali si umbali. Cha kwanza ni karatasi. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Darasa la wanafunzi 40 likitaka pasipoti kwa kila mmoja, ni shilingi 6,000,000 kabla gurudumu la basi halijazunguka hata mara moja. Lakini Idara ya Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya safari, ambayo hutumika kwa safari za nchi jirani, na ada yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya pasipoti. Kwa safari moja ya Kenya hiyo yatosha.

Hata hivyo hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa, na wengi wetu tuliozaliwa vijijini hatuna. Hutakiwa pia maandishi ya mzazi kwa kuwa sisi ni chini ya miaka 18, pamoja na barua ya shule. Mzazi aliye mbali, kule Mkalama au Itigi, hawezi kuyatimiza hayo kwa wiki tatu. Ni busara pia kila msafiri awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Shauri langu ni kwamba likizo ya kwanza ya Kidato cha Kwanza kila mtoto aanze kushughulikia cheti chake cha kuzaliwa. Hata safari isipokuwapo, cheti kitamfaa maisha yake yote.

Cha pili ni haraka. Mtu akiombwa fedha nyingi kwa siku chache, huuza kilichopo, tena kwa bei ya kutupa. Vitunguu vina majira yake, na alizeti ina majira yake. Lakini tangu Januari ya Kidato cha Pili hadi Juni ya Kidato cha Tatu ni kama wiki 60 za masomo. Mwanafunzi akiweka shilingi 1,000 kila wiki, ambayo ni bei ya maandazi machache, atakuwa na 60,000. Wanafunzi 40 watakuwa na 2,400,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua wako wasioweza hata hiyo elfu moja. Ndiyo maana mchango wa mfukoni usiwe nguzo ya pekee. Darasa liombe shule ipande la ardhi, walime ekari moja ya alizeti au bustani ya mboga, na mazao yauzwe. Asiye na fedha ana mikono, na jembe lake lihesabiwe sawa na elfu ya mwenzake. Fedha zote zitunzwe na mwalimu mlezi pamoja na wanafunzi wawili, na kila mwezi jumla ibandikwe ubaoni. Jumla tu, si majina! Tusisahau kwamba tangu Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya fedha. Haitakuwa haki sisi wenyewe kuirudisha aibu hiyo kwa mlango wa nyuma, tukiiita mchango wa safari.

Cha tatu ni majira. Twende siku za kwanza za likizo ya Juni. Wakati huo shule za Kenya huwa zinasoma, na wageni wa pwani huwa si wengi, hivyo twaweza kuomba bei nafuu. Siku ya kwanza tulale Moshi, tukiomba bweni la shule ambayo wanafunzi wake wamekwenda likizo, na chakula tupike wenyewe. Siku ya pili tuvuke Holili asubuhi, tufike Mombasa jioni. Siku mbili tukae huko, na siku mbili za kurudi kwa njia ileile. Bustanini tuandike barua mapema kuuliza siku za kufunguliwa na bei ya kundi la wanafunzi. Mwenye basi apatane nasi kwa maandishi, na asipewe hata senti bila stakabadhi. Tena tukumbuke kuwa shilingi moja ya Kenya huvuka shilingi kumi za kwetu. Kila bei ya huko igeuzwe kwanza kuwa ya Tanzania ndipo tuseme ni rahisi au ni ghali.

Pengine mzazi atauliza, je, mtoto amepelekwa shule ili akateleze na maji? Swali hilo ni la haki. Nami najibu kwamba kucheza si dhambi kwa kijana aliyesoma kwa bidii, na hata ndani ya mchezo mna somo. Mwalimu wa Fizikia hutufundisha kuwa kitu kilicho juu kina nishati, na kikishuka nishati hiyo hugeuka kuwa ya mwendo. Wengi wetu tumelikariri somo hilo. Atakayeteleza kutoka juu ya mnara hatalisahau. Gurudumu kubwa la kupandisha watu, alilolijenga George Ferris mjini Chicago mwaka 1893, lilikuwa na urefu wa karibu mita 80, nalo lilikuwa kazi ya mhandisi wa madaraja.

Tena tusiende kwa mchezo peke yake. Siku moja iwe ya bustani, na siku moja iwe ya mafunzo. Mombasa iko Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Iko Bamburi, ambako machimbo makavu ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 mpaka yakawa msitu wenye wanyama, uitwao leo Haller Park. Sisi wa Singida, ambao mche hufa kwa ukame tukiutazama, twahitaji kuona jambo hilo kwa macho. Na katika Uraia tunasoma juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Kuvuka mpaka na kuzungumza Kiswahili na mwenzako wa upande wa pili ni somo bora kuliko kurasa kumi za daftari.

Lakini je, ikiwa fedha hazikutosha? Hapa ndipo penye neno langu kubwa. Darasa liandike safari tatu tangu mwanzo: ya kwanza Mombasa, ya pili Kunduchi, ya tatu Kolo katika Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwezi wa Aprili fedha zihesabiwe. Zikitosha kuwapeleka wote Mombasa, waende Mombasa. Zikitosha kuwapeleka wote Kunduchi, waende huko. Zikiwa ni za Kolo tu, waende Kolo, wakale chakula chini ya mti na kurudi wakiimba pamoja. Mahali pabadilike, lakini idadi ya watu isibadilike.

Nimesoma kwamba bustani ya burudani kongwe kuliko zote duniani iko karibu na mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark. Huitwa Dyrehavsbakken, na watu walianza kukusanyika hapo mwaka 1583. Mpaka leo hakuna kiingilio langoni. Mtu hulipia mchezo autakao, na asiye na kitu huingia vilevile, akatembea na kutazama pamoja na wenzake. Nadhani watu wale waliyajua tangu zamani haya ambayo sisi tulishindwa kuyajua mwaka jana.

Wadogo zetu, kutembea kwingi ni kuona mengi. Tembeeni basi, lakini siku basi lenu litakapoondoka, pasiwe na mtu bwenini anayesikiliza wimbo wenu ukipotea barabarani. Nami nikimaliza mtihani nitamwomba rafiki yangu anionyeshe zile picha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne