Tyubu za Baiskeli: Tazama Valvu Kabla ya Bei

Mfanyabiashara wa vipuri anayeagiza tyubu za baiskeli kwa kuangalia saizi na bei tu anahatarisha mtaji wake. Valvu ziko za aina tatu, na tyubu isiyoingia kwenye ringi ya mteja hulala dukani.

Ya kwanza ni Dunlop, ambayo kwa kawaida ina kimpira chembamba ndani. Kimpira hicho huchakaa kwa joto na kuvujisha upepo, lakini fundi wa barabarani hukibadilisha kwa dakika chache, tyubu ikabaki ile ile. Ndiyo valvu ya baiskeli za mizigo na ya mitumba mingi ya Japani.

Ya pili, Schrader, ni sawa na ya gari, hivyo hujazwa hata kwenye kituo cha mafuta. Tundu lake la milimita 8.5 hivi hupokea pia Dunlop.

Ya tatu, Presta, ni nyembamba, ya baiskeli za mashindano. Tundu lake ni la milimita 6.5 hivi, aina mbili za kwanza haziingii humo mpaka ringi itobolewe zaidi.

Kwa mwenye mtaji mdogo, busara ni kujaza Dunlop, kuweka Schrader kiasi, na kuleta Presta kwa oda tu. Vimpira vya Dunlop visikosekane kamwe: faida yake ni ndogo, lakini ndivyo vinavyomrudisha mteja dukani.